Atatembea Tena? Swali Hili Pekee Halimtoshi Aliyeumia Uti wa Mgongo

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au akirushwa na bodaboda, na kufikishwa hospitali miguu yote miwili ikiwa haina hisia, ndugu waliozunguka kitanda huwa na swali moja: atatembea tena? Ni swali la haki na linastahili jibu la kweli. Likiachwa peke yake, hata hivyo, hufunika maswali mengine yatakayoamua maisha yake kwa miaka 30 au 40 ijayo. Atajigeuzaje usiku? Atahamaje kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda chooni? Atashikaje kikombe? Mabega yake yatadumu mpaka lini?

Taaluma inayochunguza maswali hayo ni baiomekanika, yaani elimu ya kani, pembe na mizigo katika mwili unaosogea. Imekusanya majibu mengi, mengine ya kustaajabisha. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba majibu yenye manufaa kwa watu wengi zaidi hayahitaji mashine za mamilioni. Yanahitaji mtaalamu anayeelewa, kiti kilichopimwa na muda wa kutosha wa kufundishwa. Hivyo vitatu ndivyo vinavyokosekana mara nyingi katika hospitali zetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Ajali za barabarani na kuanguka ndivyo visababishi vikubwa. Kwetu Afrika Mashariki, kuanguka kuna sura zake: kuna mgema, kuna mchuma maembe, kuna fundi wa ujenzi aliyekuwa juu ya jukwaa la miti. Wengi ni vijana na ndio wanaotegemewa nyumbani.

Kuishi kwao ni ushindi wa karne iliyopita. Mpaka miaka ya 1930, aliyeumia uti wa mgongo alihesabiwa kuwa mtu wa kufa. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo vilimmaliza ndani ya wiki au miezi. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua kituo Stoke Mandeville, Uingereza, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Alishikilia kwamba wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kisha waamshwe, wafanye kazi na wacheze michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wanamichezo 16 waliokaa kwenye viti vya magurudumu walishindana kulenga shabaha kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuzaa Paralimpiki. Watu walipoanza kuishi miongo badala ya wiki, ndipo lilipozaliwa swali la namna ya kusogea bila kuumaliza mwili.

Ramani iliyo shingoni na mgongoni

Ndani ya pingili za mgongo hupita kamba ya neva inayounganisha ubongo na mwili. Jozi 31 za neva hutoka humo: 8 shingoni, 12 kifuani, 5 kiunoni, 5 kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga na 1 kwenye kifandugu. Kila jozi ina kazi yake, na wataalamu huisoma kama ramani. Neva ya tano ya shingo hukunja kiwiko. Ya sita huinua kifundo cha mkono. Ya saba hunyoosha kiwiko. Ya nane hukunja vidole. Chini zaidi, neva ya tatu ya kiunoni hunyoosha goti, na ya kwanza ya nyuma ya nyonga husukuma wayo chini wakati wa kupiga hatua.

Kwa hiyo tofauti ya pingili moja au mbili za shingo ni tofauti ya maisha. Aliyebakiwa na neva ya saba anaweza kunyoosha kiwiko, kujiinua na kuhama peke yake. Aliyeishia kwenye ya tano atahitaji msaada katika karibu kila jambo. Jambo la pili linaloamua ni kama jeraha ni kamili au si kamili, yaani kama kuna hisia au mwendo wowote uliobaki katika neva za mwisho kabisa, zile zinazohudumia sehemu ya haja kubwa. Kipimo hicho hufanywa kwa kidole, pamba na pini, nacho kina uzito mkubwa kuliko picha nyingi za gharama.

Pamba na mikono vinaweza hata kulijibu swali la ndugu. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walichapisha katika jarida la Lancet kanuni ya kukadiria nani atatembea baada ya mwaka mmoja, waliyoitunga kutokana na kumbukumbu za wagonjwa karibu mia tano. Inahitaji mambo matano tu, yakipimwa ndani ya siku 15 baada ya ajali: umri, nguvu ya kunyoosha goti, nguvu ya kusukuma wayo, na hisia ya mguso mwepesi katika sehemu mbili za mguu. Daktari au mfiziotherapia wa hospitali ya wilaya anaweza kuyapima yote bila umeme.

Vyanzo vitatu vya mwendo

Neva zikikatika, mwili hubaki na vyanzo vitatu vya mwendo: misuli iliyosalia, mvutano wa kano na tishu nyingine zinazokaza zenyewe, na uzito wa mwili pamoja na kasi yake. Ufundi wote wa urekebishaji umejengwa juu ya vitatu hivi, na mkono wa mtu aliyebakiwa na neva ya sita ya shingo unaonyesha jambo hili kwa uwazi.

Mtu huyo hawezi kukunja wala kunyoosha vidole kwa hiari yake. Anachoweza ni kuinua kifundo cha mkono. Mwangalie anapochukua kikombe cha plastiki mezani. Kwanza anauacha mkono uning'inie kutoka kwenye kifundo, na vidole vinafunguka vyenyewe. Anavipitisha kukizunguka kikombe. Kisha anainua kifundo, na vidole vinajikunja polepole huku dole gumba likigandamia ubavu wa kidole cha shahada. Kikombe kimeshikwa, wala hakuna msuli wa kidole uliofanya kazi. Kano zinazokunja vidole hupita upande wa ndani wa kifundo. Kifundo kikiinuka, njia yao inakuwa ndefu kuliko zenyewe, na kwa kuwa hazinyumbuki zinavivuta vidole.

Hapa ndipo elimu ndogo inapookoa kitu kikubwa. Ndugu mwenye nia njema anaweza kila asubuhi kuushika mkono huo na kuunyoosha wote kwa pamoja, kifundo kikiwa kimeinuliwa na vidole vimenyooka, akiamini anazuia ukakamavu. Baada ya miezi kadhaa kano zimelegea, na kifundo kikiinuka vidole havijikunji tena. Mgonjwa amenyang'anywa mshiko aliokuwa nao. Kanuni ni nyepesi: vidole vinyooshwe wakati kifundo kimekunjwa, na kifundo kiinuliwe wakati vidole vimekunjwa. Vivyo hivyo anapoegemea mkono kitandani, vidole vibaki vimekunjwa.

Kiwiko nacho kina siri yake. Asiye na msuli wa kunyoosha kiwiko anaweza kuegemea mkono ulionyooka bila kuanguka. Anaweka kiganja chini kando ya nyonga, anaugeuza mkono kuelekea nje, kisha anakaza misuli ya mbele ya bega na ya kifua. Misuli hiyo inauvuta mfupa wa mkono wa juu, na kwa kuwa kiganja kimebanwa chini hakiwezi kuteleza, kiwiko hakina njia ila kunyooka na kujifunga. Kiwiko kikiachwa kikakakamaa katika hali ya kukunjwa, hata kwa pembe ndogo, hila hiyo haifanyi kazi. Mahali penye madaktari wa upasuaji wenye ujuzi, upo msaada zaidi: mwaka 1975 Erik Moberg wa Sweden alieleza jinsi sehemu ya nyuma ya msuli wa bega inavyoweza kuunganishwa na kano ya kunyoosha kiwiko, na mtu akapata tena uwezo wa kunyoosha mkono kuelekea juu.

Kwa aliyeumia chini zaidi, mgongoni, mfano ni kusimama. Akifungwa vifaa vya kushikilia magoti na vifundo vya miguu, anaweza kusimama bila msuli hata mmoja wa nyonga. Anasukuma nyonga mbele na kurudisha mabega nyuma kidogo, mpaka mstari wa uzito wake upite nyuma ya viungo vya nyonga. Ligamenti nene iliyo mbele ya nyonga inakaza na kumzuia asianguke kinyumenyume, na mwili unasimama ukiwa umeegemea ligamenti hiyo. Ukakamavu wa nyonga ukimzuia kuzisukuma mbele, hasimami, hata kama vifaa vyake ni bora namna gani.

Kichwa chini, makalio juu

Kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kunaonekana kuwa kazi ya nguvu za mikono. Vipimo vinaonyesha kuwa ni kazi ya mkao. Mtu anayejaribu kujiinua akiwa amekaa wima hubeba karibu uzito wote wa kiwiliwili chake kwenye mabega, na bado makalio hayatoki. Anayefundishwa vizuri husogea mbele kwenye ukingo wa kiti, huinamisha kichwa na kifua juu ya magoti, kisha hukipeleka kichwa upande ulio kinyume na anakotaka makalio yaende. Akitaka kuhamia kulia, kichwa kinakwenda kushoto na chini, na makalio yanainuka na kuzunguka kulia. Kiwiliwili kinageuka kuwa wenzo ambao mhimili wake ni mabega, na sehemu ya uzito hubebwa na nyayo zilizokanyaga chini.

Watafiti wa Montreal, Kanada, wamepima kani hizo kwa kutumia viti na sakafu zenye vipima uzito. Walibaini kuwa mikono miwili haibebi sawa: mkono unaobaki nyuma hubeba mzigo mkubwa kuliko ule unaotangulia, na kuhamia mahali palipoinuka ni kuzito kuliko kuhamia mahali palipo sawa. Ushauri unaotokana na tafiti za namna hii ni wa kawaida kabisa. Kitanda na kiti vilingane urefu. Mikono iwekwe karibu na mwili. Pande zibadilishwe, ili bega moja lisibebe kazi ya yote mawili.

Kuna pengo hapa ambalo watafiti wa kwetu ndio wanaoweza kuliziba. Maabara nyingi hupima kuhama kati ya viti viwili vya urefu mmoja. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina mkeka sakafuni, kitanda kifupi na choo cha shimo. Kupanda kutoka sakafuni hadi kwenye kiti ni kuinua makalio karibu nusu mita, tofauti kabisa na sentimita chache zinazotosha kutoka kitandani. Mbinu za kufanya hivyo salama zipo: kupanda kwa hatua, kwanza kwenye kigoda kifupi, kisha kwenye kiti. Mizigo inayoangukia bega katika mazingira hayo inahitaji kupimwa huku huku inakotokea.

Bega linalofanya kazi ya nyonga

Bega liliumbwa kwa ajili ya kufika mbali. Shimo lake ni la kina kifupi, na kinacholishika ni kano nne nyembamba zinazolizunguka. Baada ya uti wa mgongo kuumia, linageuzwa kiungo cha kubeba mwili mzima. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walipima shinikizo ndani ya mabega ya watu waliopooza miguu wakati wa kuhama, wakakuta linazidi shinikizo la damu kwenye ateri zaidi ya mara mbili. Si ajabu kwamba maumivu ya bega yameenea sana miongoni mwa watu waliokaa kwenye kiti kwa miaka. Kwao bega likiharibika, uhuru wote unaondoka nalo.

Fikiria mzigo wa kila siku. Anayesukuma kiti kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, akipiga msukumo mmoja hivi kila sekunde, atakuwa amepiga misukumo 1,000 katika kilomita 1. Na kusukuma ringi ya gurudumu ni kazi yenye upotevu mkubwa: ufanisi wake mara chache huzidi asilimia 11, wakati miguu ikikanyaga pedali za baiskeli hufikia asilimia 20 na zaidi. Nguvu nyingi huishia kwenye kushika, kuachia na kurudisha mkono nyuma.

Huko Pittsburgh, Marekani, mhandisi Rory Cooper, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu tangu alipoumia akiwa jeshini mwaka 1980, alishiriki kutengeneza gurudumu lenye vipimo ndani ya ringi. Gurudumu hilo hupima kila msukumo: kani yake, mwelekeo wake na muda wake. Yeye na wenzake, akiwemo daktari Michael Boninger, wakaonyesha kuwa njia ya mkono ina maana. Wanaorudisha mkono chini ya ringi, wakichora nusu duara, husukuma kwa mizunguko michache zaidi kuliko wanaorudisha mkono juu ya ringi. Waliona pia kwamba misukumo ya haraka na ya kani kubwa inahusiana na kuumia kwa neva inayopita kwenye kifundo cha mkono.

Mwaka 2005 mwongozo wa kitaalamu wa Marekani wa kulinda mikono uliyakusanya matokeo hayo. Misukumo iwe mirefu na laini, na iwe michache kadiri inavyowezekana. Kiti kiwe chepesi. Ekseli ya nyuma isogezwe mbele mpaka pale ambapo kiti bado hakipinduki kinyumenyume, kwa sababu gurudumu likiwa nyuma sana mkono hulazimika kulifuata kwa bega lililopinda vibaya. Na kimo cha kiti kiwe hivi: mkono ukiwekwa juu kabisa ya ringi, kiwiko kikunjike kwa pembe kati ya digrii 100 na 120. Vipimo hivi vinaweza kuchukuliwa kwa macho, utepe na spana. Fundi baiskeli aliyefundishwa anaweza kuvirekebisha.

Hesabu ya mteremko nayo inawahusu wajenzi. Mtu na kiti chake wakiwa na kilo 90, kwenye mteremko wa 1 kwa 12 uzito wao huwavuta nyuma kwa kani ya takriban nyutoni 73, sawa na uzito wa kilo 7 na nusu unaomvuta muda wote anapopanda. Mteremko ukiwa wa 1 kwa 6, kama ilivyo katika milango mingi ya ofisi na benki zetu, kani hiyo inakaribia mara mbili. Na kwa kuwa mkono hausukumi muda wote wa mzunguko, kilele cha kila msukumo ni kikubwa zaidi ya hapo. Njia iliyojengwa kwa mteremko mkali huwafukuza waliojengewa.

Ngozi isiyojua kulalamika

Mtu mwenye hisia kamili hujisogeza kwenye kiti bila kufikiri. Aliyepoteza hisia haambiwi chochote na mwili wake. Mwaka 1976 Reswick na Rogers wa hospitali ya Rancho Los Amigos, California, walichora uhusiano wa mgandamizo na muda: mgandamizo mkubwa huharibu tishu kwa muda mfupi, na mdogo huharibu ukidumu. Tafiti za baadaye, hasa za Eindhoven, Uholanzi, zikaongeza kwamba nyama iliyo karibu na mfupa wa kukalia inaweza kuharibika kwa kubonyezwa na kuvutwa kabla ngozi ya juu haijaonyesha alama. Ndiyo maana kidonda kidogo cha juu kinaweza kuwa na shimo kubwa ndani.

Kwa miaka mingi wagonjwa walifundishwa kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache kila baada ya muda. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 ulipima oksijeni katika ngozi ya makalio na kukuta kuwa ilihitaji wastani wa dakika 1 na sekunde 51 bila mzigo ili irudi katika kiwango chake. Hakuna anayeweza kuning'inia kwa mikono muda wote huo, na akijaribu anayachosha mabega yaleyale tunayotaka kuyalinda. Jibu ni kuinama mbele kifua kielekee magotini, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika 2 au zaidi. Anaweza kufanya hivyo akiegemea meza ya duka lake bila kuacha kuzungumza na mteja. Huu ni mfano mzuri wa kipimo cha maabara kilichogeuza desturi, na hakimgharimu mgonjwa hata senti.

Si kila desturi iliyopimwa ilibaki. Kunyoosha viungo kwa muda mrefu kila siku ili kuzuia ukakamavu ni kazi inayochukua sehemu kubwa ya muda wa mfiziotherapia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyoongozwa na Lisa Harvey wa Sydney na kukusanya majaribio 49, yalionyesha kuwa kunyoosha huko hakuleti mabadiliko ya maana katika uwezo wa kiungo kusogea, angalau katika muda uliochunguzwa. Haina maana kwamba viungo viachwe tu. Maana yake ni kwamba muda wa mtaalamu mmoja anayehudumia wodi nzima una matumizi bora zaidi: kumfundisha mgonjwa kujigeuza, kuhama na kukisukuma kiti.

Mashine za kutembea na ukweli wake

Sasa turudi kwenye kutembea, maana huko ndiko habari kubwa zinakotoka. Mwaka 1987 Barbeau na Rossignol wa Montreal waliripoti kuwa paka waliokatwa uti wa mgongo waliweza, kwa mazoezi juu ya mkanda unaozunguka, kupiga hatua tena kwa miguu ya nyuma. Uti wa mgongo wenyewe una mitandao ya neva inayoweza kuzalisha mdundo wa hatua. Kutoka hapo yakaja mazoezi ya binadamu: mgonjwa ananing'inizwa kwa mikanda ili uzito upungue, miguu inasogezwa juu ya mkanda, na baadaye roboti za Zürich zikachukua kazi hiyo kutoka kwa wahudumu.

Mwaka 2006 jaribio kubwa la Marekani na Kanada lenye washiriki 146 walioumia bila kukatika kabisa lililinganisha njia hiyo na mazoezi ya kawaida ya kutembea sakafuni kwa muda uleule. Makundi yote mawili yalipiga hatua kubwa, na hakukuwa na tofauti kati yao. Kwa hospitali isiyo na mashine, hiyo ni habari njema: mazoezi yenye bidii kwenye nguzo mbili sambamba na magongo si tiba ya daraja la pili.

Suti za roboti zinazovaliwa miguuni ziliruhusiwa kutumika nyumbani Marekani kuanzia mwaka 2014. Mapitio ya mwaka 2015 yalikuta wastani wa mwendo wake ni mita 0.26 kwa sekunde. Anayevuka barabara ya mjini anahitaji kama mita 1.2. Zinafaa kwa mazoezi na kwa kusimama ana kwa ana na wenzako, lakini haziondoi kiti.

Kinachosisimua zaidi ni umeme. Mwaka 2018 vikundi vya watafiti wa Louisville na kliniki ya Mayo, Marekani, na cha Lausanne, Uswisi, hicho cha mwisho kikiongozwa na Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch, vilionyesha kuwa elektrodi zilizopandikizwa juu ya uti wa mgongo, zikiunganishwa na mazoezi ya miezi, ziliwawezesha watu wachache kupiga hatua. Mwaka 2024 jaribio la vituo 14 lenye washiriki 60 lilitumia umeme unaopitishwa juu ya ngozi ya shingo bila upasuaji, na asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mikono. Hiyo ni hatua kubwa, hasa kwa kuwa inagusa mikono.

Maana wagonjwa wenyewe walishaulizwa. Mwaka 2004 Kim Anderson, mtafiti anayeishi na jeraha la uti wa mgongo, alichapisha maoni ya watu 681. Waliopooza mikono na miguu waliweka mikono mbele ya kila kitu. Karibu nusu yao walisema kurudi kwa mikono ndiko kungeboresha maisha yao zaidi. Waliopooza miguu pekee walitanguliza uwezo wa tendo la ndoa. Kutembea hakukuwa kileleni katika kundi lolote. Wanaopanga bajeti na mada za utafiti wana wajibu wa kulisikia hilo.

Kiti kinachojua njia zetu

Afrika Mashariki haikuwa msikilizaji tu katika historia hii. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefunza mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kikashirikiana na shirika la Motivation la Uingereza kufundisha mafundi wa viti vya magurudumu. Motivation lilijulikana kwa kiti cha magurudumu matatu: gurudumu moja la mbele, kubwa na lililo mbali na mtu, halizami mchangani kama yale madogo mawili, na kiti hakipinduki kifudifudi kikigonga jiwe. Viti vingi vya msaada vya kukunja, vilivyotengenezwa kwa korido za hospitali, vina kasoro zote zilizotajwa: vizito, ekseli iko nyuma, na hakuna kinachorekebishika.

Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT, Marekani, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti. Matokeo yake ni kiti cha nyenzo mbili ambacho mfano wake wa awali ulijaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu hasukumi ringi bali husukuma nyenzo mbele na nyuma, na nyenzo huvuta mnyororo wa baiskeli. Gia ni mkono wenyewe. Akifika kwenye mchanga au kilima, anashika nyenzo juu kabisa, mbali na mhimili, na kani ileile inazaa nguvu kubwa ya kuzungusha gurudumu. Akiwa kwenye lami anashika chini, na kila msukumo unampeleka mbali zaidi. Watumiaji wa Afrika Mashariki wakasema wazi kwamba nje kinafaa, lakini ndani ya nyumba ni kipana na kizito mno. Wahandisi wakakipunguza upana na uzito. Utafiti mzuri huenda hivyo, anayekikalia kiti akiwa mwamuzi wa kiti.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti katika mazingira yenye uhaba ulitaja hatua 8 za huduma, tangu rufaa na upimaji hadi mafunzo na matengenezo. Kumkabidhi mtu kiti mbele ya kamera za habari ni sehemu ndogo tu ya hatua hizo. Kiti kisichopimwa huleta kidonda, na kidonda humrudisha mtu hospitali kwa miezi, au humuua.

Kwa hiyo mpangilio wa vipaumbele uko wazi. Hakuna mgonjwa wa uti wa mgongo anayepaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla hajaonyesha, yeye na ndugu anayemhudumia, namna ya kugeuka, kuhama na kuupumzisha mwili, na kabla viganja vyenye mshiko wa kano havijaelezwa kwa kila atakayevishika. Kila hospitali inayowapokea majeruhi hawa iwe na angalau mtu mmoja aliyefunzwa kupima na kurekebisha kiti, na bima zilipie kiti hicho pamoja na mto wake kama zinavyolipia dawa. Vyuo vyetu vya uhandisi na vya fiziotherapia vipime bega la mtu anayesukuma kiti kwenye mchanga wa Pwani na udongo mwekundu wa milimani, kwa sababu namba hizo hazitatoka katika maabara ya mtu mwingine. Tiba za umeme zinakuja na tuzikaribishe. Watakaofaidika nazo ni wale ambao viungo havikukakamaa, ngozi haikuoza na mabega bado mazima siku zitakapofika, na kuwafikisha hapo kunawezekana kuanzia sasa.